Nani Kafukiziwa Udi Chumbani Mwangu?

"Mboni, hili ua limetoka lini?"

"Juzijuzi tu. Nikasema nisimwambie mtu, uje ujionee mwenyewe."

Uweso alikuwa bado hajavua viatu vya safari. Kaingia moja kwa moja chumbani, kasimama dirishani mbele ya debe lenye nanasi lake la maua. Si nanasi la kula. Ni la kutazama tu, majani yake yamejipanga kama kikombe na maji yanakaa katikati. Majirani wa mtaa wa Makorora walilibatiza Mwali, maana miaka yote lilikuwa limejifungia ndani, halitoi ua. Leo katikati ya kile kikombe limesimama ua jekundu kama mdomo wa mtafuna tambuu.

"Miaka yote kwangu limekataa," akasema. "Nasafiri miezi minne, linachanua."

"Labda lilikuwa linakuonea haya." Mboni akacheka. Alipoona mumewe hacheki, akachukua shuka akaanza kuikunja.

"Lilikaa wapi nilipokuwa sipo?"

"Hapohapo. Si uliniagiza nisilitoe?"

"Hukulitoa hata siku moja?"

"Hata moja, bwana. Nililinyweshea maji ya mvua, kama ulivyosema."

Maskini Mboni. Alidhani anasifiwa.

Uweso alikuwa mtunza bustani wa bibi mmoja wa Kizungu kule Raskazone, na mwaka ule wa hamsini na sita bibi alimchukua mpaka milima ya Usambara kutafuta mimea ya kupamba. Kwake mwenyewe uani kulijaa makopo: mishubiri ya madoa, mikonge midogo ya mistari, mimea minene isiyojulikana hata jina. Watu walimcheka. Lakini alijua jambo moja ambalo Mboni hakulijua. Jamii ya nanasi ikigoma kuchanua, inapigwa moshi. Bibi yule alikuwa akifunika yake kwa gunia, anawasha majani makavu chini, siku baada ya siku. Inapita miezi miwili na kitu, ua linatoka.

Sasa jiko la Mboni liko uani, mbali. Moshi unaoingia chumbani ni moshi wa chetezo cha udi peke yake. Na pwani hii mwanamke aliyeolewa akifukiza udi chumbani, anamfukizia mumewe.

"Nani alikuwa akifukiziwa udi humu ndani?" Uweso akauliza.

Mkono wa Mboni ukasimama kwenye shuka aliyokuwa akiikunja.

"Udi? Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna mtu, Uweso. Kaoge, chakula kinapoa."

Hajawahi kumwita kwa jina. Siku zote ni bwana. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

* * *

Asubuhi akatoka na sanduku lake la kung'olea miche, asijue anakwenda wapi. Saleha, jirani wa nyumba ya mbele, alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shemeji, karibu nyumbani. Umekonda."

"Milimani baridi."

"Na huku joto, shemeji. Wengine tulikuwa hatulali kwa joto."

"Una maana gani?"

"Mie? Mie sina maana. Mie nina macho tu." Akalamba kidole, akaendelea kusuka. "Baiskeli ya dresa Fanueli ilikuwa inaegemea ukuta wako. Labda ilikuwa inapumzika."

"Fanueli gani?"

"Yule Msambaa anayefunga vidonda hospitali, mwenye meno mazuri. Lakini usiseme kakwambia Saleha."

Uweso akageuka njia ya hospitali, miguu inamtangulia.

Fanueli alikuwa anakunja bandeji kibarazani. Alipomwona akasimama.

"Bwana Uweso. Nimefurahi umerudi salama."

"Uliingia nyumbani kwangu mie sipo."

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

"Kazi yangu."

"Kazi yako iko hospitali. Chumbani kwa mke wangu kuna kazi gani?"

Wagonjwa kwenye benchi wakaanza kusogeza masikio. Fanueli akashusha sauti.

"Ya wagonjwa siyatoi mdomoni, hata kwa mume. Kamuulize mkeo."

"Nimemuuliza. Kasema hakuna mtu."

"Basi hajawa tayari. Lakini siku ile hatukuwa wawili. Aliyeniita ni mama yako."

* * *

Bi Mwanamkasi, mama yake Uweso, alikaa mtaa wa Usagara. Alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso kama umekunywa shubiri?"

"Nataka kumwacha Mboni. Kesho namrudisha kwao Ushongo."

Ungo ukatua chini.

"Kakukosea nini?"

"Chumbani mwangu kumefukizwa udi. Si siku moja, ni siku nyingi. Mmea umenionyesha. Namuuliza, ananidanganya. Dresa anasema ulikuwepo, na wewe umenificha."

"Mmea ndo umekwambia?"

"Mmea hausemi uongo."

"Basi ungeuuliza nani kawasha, ungekwambia ni mimi." Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Udi ule niliwasha mimi, Uweso. Na ubani, na mizizi. Siku arobaini. Nani anafukizwa siku arobaini? Kahaba?"

Uweso akakaa chini pale pale, juu ya pumba.

"Mzazi," akasema polepole. "Mwanamke aliyejifungua."

"Ulipoondoka tayari alikuwa na mimba ya miezi mitatu na kitu. Hukuambiwa, aliogopa kutangaza mapema, maana ya kwanza iliharibika. Ya pili nayo ikatoka, huna hata mwezi huko milimani. Damu haikukatika mpaka nikamwita Fanueli. Tungemzika na yeye, pamoja na mtoto."

"Mbona hamkunipelekea habari?"

"Alinishika miguu nisikupelekee."

"Kwa nini?"

"Ilipoharibika ile ya kwanza, ulimfanyia nini?"

"Sikumfanyia kitu, mama."

"Ndo hilo. Mwezi mzima hukumsemesha. Unatoka uani, unasemesha makopo. Akaniambia, mama, damu naiweza, kile kimya cha mwanao sikiwezi tena."

* * *

Aliporudi, Mboni alikuwa anafunga nguo kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Nimesikia ulikwenda kwa Fanueli. Sitaki talaka ya mlangoni, Saleha anasikiliza."

"Mama kaniambia."

Mikono ya Mboni ikaendelea kufunga fundo lililokwisha fungwa.

"Basi," akasema. "Anza kunyamaza. Mie sitakuwepo kukusikia."

Uweso akaketi kitandani, karibu na lile fundo.

"Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Mlimpa jina?"

"Asmahani."

"Ile ya kwanza..." Akalishika lile fundo. "Niliogopa nikisema nitalia mbele yako."

"Ungelia. Mie nilikuwa nalia peke yangu, na mume ninaye."

"Nimekudhania ubaya, Mboni. Ua la nanasi hili hutolewa na moshi, nikadhani umemfukizia mwanamume, nikataka kukuacha."

"Ndiyo. Na mie nimekudanganya usoni. Lakini wewe ulikuwa tayari kunitupa kwa sababu ya ua."

"Nilikuwa tayari," akasema. Hakujitetea. Machozi yalikuwa yanamdondoka kifuani na hakuyafuta. "Kazikwa wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Kazikwa na ami yako Mwinyijuma. Mie mwanamke, na nilikuwa kitandani. Nani angenionyesha?"

Uweso akainuka, akamshika mkono.

"Twende kwa ami."

"Wanawake hawaingii makaburini, bwana."

"Hutaingia. Twende."

Wakapita mbele ya Saleha wameshikana mikono mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa likifanywa Makorora. Saleha akasahau kulamba kidole, ukili ukamponyoka.

Mboni akasimama nje ya ukuta wa makaburi, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Uweso na ami yake wakaingia. Wakapita makaburi makubwa, wakapita madogo, mpaka ami akaonyesha kwa fimbo. Uweso akachuchumaa, akaomba dua. Halafu akasimama wima, akamwelekea mkewe, akanyoosha mkono chini.

"Hapa, Mboni," akapaza sauti, wapita njia wote wakasikia. "Yuko hapa."

Mboni akaweka mikono yote miwili juu ya ukuta, akatazama.

"Nimemwona," akasema.