Sinia la Baruti

Kila alasiri akirudi shule, Chiriku alivua sare, akala kilichobaki cha mchana, kisha akashika ufagio. Jina hilo la utani alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Alifagia huku akisimulia ya darasani, na mama, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule, alimwitikia kutoka barazani, "Ehe! Halafu?"

Siku moja mawingu yalifunga ghafla. Mama aliruka akaanza kukusanya vitambaa vya wateja.

"Mwanangu, anua vitu! Usiache kitu nje!"

Chiriku alikimbia uani akaanua nguo. Juu ya kichanja cha vyombo akakuta sinia lenye punje nyeusi, kama majani ya chai. Akazigusa, zilikuwa na unyevu. Baba alikuwa shambani na mama mbioni na vitambaa, hakuwapo wa kuulizwa. "Chai imelowa," alijisemea. Akalibeba sinia hadi jikoni, akaliweka kando ya mafiga ili joto likaushe. Alijiona amefanya la maana.

Haikuwa chai. Ilikuwa baruti ya gobore. Baba alikuwa na bunduki hiyo ya zamani, ile ya kushindilia: unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia risasi, kisha unashindilia kwa ufito wa chuma uitwao mdeki. Aliitumia kufukuza nguruwe pori shambani. Baruti yake ilikuwa imepata unyevu, akaianika asubuhi, akaenda zake bila kumwambia mtu.

Mvua ilipokolea, mama aliingia jikoni kuchemsha maji. Moto ulikuwa umezubaa. Akainama, akaupuliza. Cheche moja ikaruka.

Chiriku alikuwa mlangoni. Aliona mwali mweupe ukifoka hadi darini, kisha moshi mzito wenye harufu ya kiberiti ukameza kila kitu. Ndani ya moshi ule mama alikuwa akilia, "Macho yangu! Jamani, macho yangu!"

Baba alikuwa anaingia uani, amelowa chapachapa. Aliinusa ile harufu tu, akajua. Alimbeba mama mgongoni, jirani mwenye pikipiki akaitwa, wote wakapakiana hivyo hivyo kwenda zahanati. Kabla hawajaingia ndani, baba alimshika Chiriku bega.

"Wakiuliza, sema ni mafuta ya taa. Umenisikia? Ile bunduki haina kibali. Watanifunga."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Ameungua na nini?" tabibu aliuliza.

"Mafuta ya taa, daktari," baba alijibu, macho chini. "Jiko lililipuka."

Tabibu alianza kumpaka mama dawa ya moto usoni. Mama alikuwa akijipapasa kope, akisema kuna mchanga, kuna mchanga ndani. Tabibu alimwambia atulie, mtu aliyeungua huhisi hivyo.

Chiriku alimtazama baba. Baba alitazama ukuta. Mtoto akasogea hadi mbele ya tabibu.

"Si mafuta ya taa! Ni baruti. Mimi ndiye niliyeiweka karibu na moto."

Tabibu aliacha dawa pale pale. Alizifunua kope za mama, akaona chembe nyeusi zimejaa machoni. Akayamwagia maji safi, chupa baada ya chupa, akiita msaidizi alete mengine. Kisha akampigia simu daktari wa macho wa hospitali kubwa. Alipomgeukia baba hakupaza sauti. "Ungeniacha nimfunge bandeji na uchafu ule ndani?"

Mama alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia liliona, ila kama mtu anayetazama kupitia pazia. Alikaa kwenye cherehani yake, akajaribu kutunga uzi, ukapita pembeni ya tundu. Akajaribu tena. Mwishowe aliuweka uzi mapajani, akafunika cherehani kwa kanga. Chiriku aliingia chumbani, akajifunika shuka hadi kichwani. Tangu siku ile ya moto hakuwa akisimulia chochote.

Kesho yake baba alichukua gobore na kwenda nalo kituo cha polisi. Chiriku alimfuata, na baba hakumkataza. Mkuu wa kituo aliligeuzia ukutani, mbali na watu, akatumbukiza mdeki polepole kwenye mtutu. Haukufika mwisho.

"Mzee, hii ina risasi ndani."

Baba alikaa chini sakafuni. Bunduki ile ilikuwa ikitundikwa juu ya kitanda cha Chiriku. Alikumbuka siku ilipogoma kufyatuka shambani, akasema ataitoa risasi kesho.

Gobore halikurudi nyumbani, na baba akaambiwa atafika mahakamani. Njiani alisimama, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mama aliniambia nianue kila kitu," Chiriku alisema, machozi yakimtiririka. "Ningeuliza kwanza, baba."

"Ungemuuliza nani, mwanangu, wakati mimi mwenye kujua nilikuwa nimenyamaza? Baruti hufungiwa mbali na moto, na kila aliye nyumbani aambiwe ni nini. Bunduki haitundikwi na risasi ndani, na hata ukidhani ni tupu, unaishika kama imejaa. Yote hayo nilifundishwa na babu yako, nikayaona ya usumbufu." Akajifuta uso. "Jicho la kushoto la mama yako nimelichukua mimi. La kulia umelitetea wewe, kwa kusema kweli wakati mimi mzazi wako nilikuambia udanganye. Usikubali tena mtu akutume kuficha jambo linaloumiza mwingine. Hata akiwa mimi."

Alimshika mkono, wakaenda nyumbani.