Aliyekaa Miguu Kulia

"Hii pikipiki haina ugonjwa, Kazija. Labda mwenyewe ndiye mgonjwa."

Ahmada alifuta mikono kwa tambara, akalitazama lile dude jeusi lililoziba mlango wa gereji yake, hapo Madungu. Mmanga, mwenye pikipiki, alirudi nalo kutoka Maskati. Lina kitu wanaita kruzi: ukibonyeza kitufe linajishikia mafuta lenyewe, mkono unabaki bure. Na Mmanga alivyopenda kuonekana, huo mkono bure ulikuwa wa kupungia watu njia nzima, kutoka mjini Chake mpaka Wete. Sasa kruzi imeanza kukata njiani, naye anataka iwe imepona kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ndiyo anamuoa Kazija, mdogo wake Ahmada. Kesho Kazija anatiwa ndani, hatoki tena mpaka harusi. Leo kaja kumletea kaka yake chai.

"Fyuzi umeangalia?"

"Fyuzi nzima. Taa ya breki nzima. Klachi haina neno. Kruzi hukata ikidhani umeshika breki, na mie breki inayojishika sijaiona. Nimekwenda nayo Vitongoji nikarudi, haikukata."

"Mpigie mwenyewe basi."

Ahmada alipiga, akaweka sauti kubwa.

"Shemeji, inakata ukiwa peke yako au ukipakia mtu?"

"Peke yangu haikati, yakhe. Nikipakia ndo balaa."

"Unampakia nani?"



"Aa... mama. Nampeleka sokoni."

Simu ikakatwa. Kazija aliweka birika chini.

"Mama yake? Bi Bimkubwa, anayepiga mayowe akipitwa na baiskeli?"

"Labda kazoea."

"Kazoea nini! Kaka, mie mchumba wake hajanipakia hata siku moja. Kila nikimuomba hunambia, 'Hatujaoana, Kazija, ni haramu.' Nami nikamuona mcha Mungu. Mjinga mie!"

"Usianze kulia. Tutafute ubovu kwanza."

"Silii. Nipakie mie."

Alipanda nyuma ya kaka yake, akakaa upande kama wanavyokaa wanawake wote na mabuibui yao, miguu kushoto. Wakaenda, wakarudi. Kruzi haikukata.

Ahmada alipiga magoti upande wa pili na tochi ya simu.

"Njoo uone. Hii springi ndogo ndiyo inayovuta swichi ya breki ya nyuma. Tazama ilivyopinda. Imekanyagwa na kisigino."

"Kisigino cha Mmanga?"

"Chake hakifiki huku. Ni cha mtu aliyepakiwa, kakaa miguu kulia. Hebu kaa hivyo."

Kazija akakaa miguu kulia, akashusha kisigino. Taa ya breki ikawaka nyekundu.

"Ndo hapo!" Ahmada alipiga makofi. "Akigusa tu, pikipiki inadhani breki imeshikwa, kruzi inak..."

Hakumaliza. Walitazamana.

Mdogo wao wa mwisho, Mwanapili, alianguka mkarafuuni akiwa mtoto, akavunjika nyonga ya kushoto. Tangu hapo hapandi kipando chochote ila kwa kulia, na miguu huiacha huko huko.

"Anaweza kuwa mwengine," Ahmada alisema.

"Mtaje."

Ahmada alishika spana.

"Wallahi namvunja yule mwanamme!"

"Humvunji mtu. Nipe simu yako."

Kazija alimwandikia Mmanga kwa simu ya kaka yake: "Pikipiki imepona, njoo uchukue." Kwa yake akamwandikia Mwanapili: "Njoo gereji, mwanangu, uchukue vitambaa vyangu, kaka atakurejesha." Uso wake ulikuwa mkavu.

Walifika wote wawili wakati mmoja, kila mtu na njia yake.

"Hujambo, shemeji?" Mmanga aliuliza, macho juu ya paa.

"Sijambo, shemeji," Mwanapili alijibu, macho chini.

Kazija akacheka. Kicheko kibaya, kaka yake hajawahi kukisikia.

"Mwanapili, panda, kaka akupeleke."

"Mie? Naogopa! Dude hili sijalipanda hata siku moja."

"Panda tu, mdogo wangu."

Mwanapili alizunguka kulia. Kibati cha kukunjua, cha kukanyagia abiria, kilikuwa kigumu, hata Ahmada hukifungua kwa koleo. Yeye alikipiga teke moja kwa ubavu wa kiatu, kikakunjuka. Akapanda, akakaa, kisigino kikatua pale pale pa siku zote.

Taa ikawaka.

"Kibati hicho kinataka teke," Kazija alisema. "Nani kakufundisha?"

Mwanapili aliangalia mguu wake, akamwangalia Mmanga. Mmanga akawa anatafuta funguo mfukoni, na funguo ziko kwenye pikipiki.

"Kazija, sikiliza, nitakueleza..."

"Weye nyamaza, mcha Mungu! Nataka kumsikia huyu. Mwanapili, tumelala kitanda kimoja. Jana umenitia hina miguuni kwa mkono wako. Ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa nakuonea choyo."

"Choyo cha nini?"

"Cha kila kitu!" Mwanapili alipaza sauti. "Nani alinambia nipande ule mkarafuu? Weye! Ukaogopa kuchafua gauni, ukanituma mie. Weye ukabaki na miguu yako, mie n'kabaki kiguru, watu wanasema nitalea watoto wako. Basi huyu kanipenda na kiguru changu. Simrejeshi."

Kazija alimgeukia Mmanga.

"Na weye Mmanga? Unasemaje?"

"Niseme nini? Ndiye ninayemtaka. Nilikuposa kwa sababu kwenu walikutoa weye kwanza, kwa kuwa mkubwa. Nimechoka kujificha."

Jioni mama yao, Bi Mwanakhamis, alisikia yote, akalia, akajifuta, kisha akatoa hukumu.

"Wageni wa kule Jadida washaitwa. Ng'ombe kanunuliwa. Nikamwambie nani kuwa hakuna harusi? Ijumaa ipo, ataozwa Mwanapili. Kazija, mpe mwenzio gauni la harusi alijaribu."

"Mama, na mie?"

"Weye Mungu atakupa wako. Mpe gauni."

Kazija alilitoa kabatini, akalikung'uta, akampa mdogo wake mkononi. Kisha akashika njia ya gereji.

"Bado hujaitengeneza?" alimuuliza kaka yake.

"Siigusi! Nitaiacha hivi hivi imuumbue mbele za watu."

"Itengeneze. Nyoosha springi, kisha uikinge na bati, kisigino kisifike kamwe."

"Kazija, una wazimu? Unamtengenezea huyu?"

"Mie pikipiki imenisemea kabla ya ndoa. Mwanapili isimsemee. Siku Mmanga atakapompakia mwengine, nataka akae kama nilivyokaa mie, kipofu. Kaza vizuri, kaka."

Ahmada alimtazama mdogo wake, akaogopa. Kisha akachukua bati.

Ijumaa ndoa ikafungwa. Mmanga alimpakia bibi harusi, kruzi ikashika bila kukata, akawapungia watu mkono mpaka Wete.

Msimu wa karafuu ulipoingia, Kazija alikuwa anaanua karafuu uwanjani. Simu ikalia. Ujumbe wa Mwanapili, wa kwanza tangu harusi.

"Dada nisamehe. Mmanga siku hizi anatoka na pikipiki, anarudi ananukia udi ambao si wangu. Nikimuuliza anasema hapakii mtu. Kruzi haikati tena tangu kaka aitengeneze. Nitajuaje?"

Kazija aliusoma mara mbili. Alifuta mkono kwenye kanga, akaandika neno moja, akalituma.

"Hutajua."