Nywele za Nasma Kwenye Chanuo

"Mwanangu, hizi zimeanza kukutoka lini?"

Asmahani aliuliza huku amelinyanyua chanuo juu, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Lilikuwa limejaa nywele. Si zile mbili tatu zinazomtoka kila mtu. Fundo zima. Nasma alikaa mkekani, kajifunga kanga mabegani, kainamisha kichwa, na pale utosini ngozi ilionekana wazi, pana kama kisosi cha chai.

"Somo, tafadhali usimwite mama."

"Nimekuuliza lini."

"Tangu mwezi wa tano."

Na huo ulikuwa mwezi wa nane. Zilibaki siku nane tu afungishwe nikaha na mjukuu wangu Zubeiri. Asmahani ndiye somo wake, mwanamke wa kumfunda na kumwosha kabla ya harusi, na siku ile alikuwa anamfumua nywele kwa mara ya kwanza. Mimi nilitoka kwangu Chumbageni kupeleka asumini na udi wa upande wa bwana harusi. Nikafika kwao Nasma, mtaa wa Usagara, nikasimama mlangoni na kikapu changu mkononi, nikayaona yale.

"Karibu, Bi Mastura," alisema Asmahani. "Njoo uone, wewe ni mtu mzima."

Nasma akavuta kanga kichwani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Ndivyo nilivyokuwa nikimwita tangu siku ya posa, utani wa bibi na mchumba wa mjukuu wake. Kila siku alikuwa akicheka. Siku ile hakucheka.

"Unakula nini wewe?" Asmahani akamuuliza.

"Anachokula Zubeiri."

"Yaani majani."

"Si majani tu, Somo. Ni kila kisichotoka kwa mnyama. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai, maziwa, samli, vyote hakuna. Nilisema tukioana sufuria iwe moja, ndiyo nikaanza mapema nizoee."

"Basi hayo ndiyo yaliyokutoa nywele."

"Hapana. Zubeiri huu mwaka wa pili, na nywele zake nzito kama zulia. Ingekuwa chakula, angeanza yeye kuota upara."

Asmahani akanigeukia. "Eti, Bi Mastura? Wewe ndiye unayempikia. Kweli hali hata dagaa?"

Nasma naye akainua macho. Yalikuwa yanangoja.

"Hali," nikasema.

Neno moja tu. Nimeliandika kama nilivyolitamka, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

Baba yake Zubeiri alikuwa mwanangu wa pekee; ami yake Zubeiri ni wa baba mmoja, mama mwingine. Alianguka kiharusi bafuni asubuhi ya Jumatano, taulo begani, hakuinuka tena. Miaka hamsini na mmoja. Alipenda nyama yenye mafuta, na ukimwambia apunguze anakuuliza kama umechoka kumpikia. Baada ya arobaini, Zubeiri akaja jikoni na simu yake mkononi.

"Bibi, kuanzia leo nakula vya mimea peke yake."

"Kunde na mchicha kama mfungwa?"

"Kama mfungwa anayetaka kuishi."

Niliogopa. Nimekulia pwani, na kwetu mtu akila bila kitoweo tunauliza ana shida gani. Wiki ya tatu nikamwona shingo imekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Nikasema huyu naye ananiacha. Basi nikanunua uduvi, vile vikamba vidogo vilivyokaushwa, nikaukaanga kikavu, nikautwanga mpaka ukawa unga, nikauchekecha kwa mtandio mwepesi. Kijiko kimoja na nusu ndani ya kunde. Harufu nikaifunika kwa kitunguu saumu, bizari na tui zito. Kwenye wali nikatia samli, kidogo tu. Kwenye vitumbua, yai.

"Bibi, kunde zako hazina mfano," alikuwa akiniambia.

"Ni mkono tu, mume wangu."

Mashavu yakarudi. Mimi sikuona nimemdanganya. Niliona nimemlea. Na alipoanza kumposa Nasma, sikujua kwamba kule Usagara kuna binti wa watu anakula muhogo na mchicha, akijipima kwa afya ya kijana anayekula uduvi. Hilo nililijua pale mlangoni. Na nilipolijua, nikasema hali.

Alasiri ile Zubeiri alirudi kutoka kazini. Ni fundi wa majokofu, mikono imejaa grisi. Simu ikalia, akanisomea ujumbe kwa sauti:

"Zubeiri, Somo amenifumua leo. Nywele zimetoka nyingi sana. Naogopa. Unadhani ni chakula?"

Akapiga, akaweka spika, akaegemeza simu kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nakuna nazi.

"Nasma, si chakula."

"Una hakika gani?"

"Hakika ni mimi mwenyewe. Nakula hayo hayo. Umeniona nimedhoofu?"

"Sasa ni nini?"

"Labda kuna dawa ya nywele ulipaka."

"Sijapaka dawa tangu nimalize shule."

"Basi labda kuna maradhi."

Upande wa pili nikasikia jogoo wa kwao.

"Maradhi gani, Zubeiri?"

"Sijui. Mwili ni wako. Miezi mitatu nywele zinakutoka na wewe unanificha, nasikia leo kwa kuwa somo amekufumania. Nitajuaje kama hakuna na jingine?"

"Nilificha kwa sababu niliogopa utaniona mbaya."

"Tukapime kabla ya nikaha. Namwambia ami jioni hii azungumze na mama yako, mambo yasubiri kwanza."

"Unakwenda kumwambia ami yako kwamba mimi mgonjwa?"

"Nakwenda kumwambia tusubiri."

"Baba yangu anauza samaki sokoni, Zubeiri. Vitoweo hivyo nimekua navyo. Nimeviacha kwa ajili yako, nyumba nzima inakula mimi nawatazama."

"Na mimi nimeviacha. Mbona mimi sijaanguka?"

Meno ya mbuzi ya nazi yakanikwaruza kidole, damu ikatoka. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

"Zubeiri," nikasema, "chai inapoa."

Magharibi ikaja meseji nyingine:

"Kesho saa tatu hospitali. Nakuja na Somo. Njoo usikie kwa masikio yako. Baada ya hapo usinipigie tena."

"Na mimi nitakwenda," nikamwambia.

"Ya nini ujichoshe, Bibi?"

"Nitakwenda tu."

Daktari alikuwa binti wa Kishambaa, jina lake Ruthi, mpole, ana miwani inayomteleza puani. Tulijaa wanne kwenye kachumba kake. Majibu ya damu yalikuwa mezani, lakini akaanza kwa kuuliza.

"Asubuhi unakula nini?"

"Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha."

"Mchana?"

"Ugali na mchicha."

"Maharage? Kunde? Karanga?"

"Mara moja moja. Nyumbani kitoweo ni samaki. Niliona haya kumsumbua mama aweke sufuria ya pili."

"Umepungua?"

"Kilo tisa."

Daktari akaandika. Asmahani hakuvumilia. "Kwa hiyo, daktari, ni kweli. Kula mimea kunang'oa nywele."

"Hapana, mama. Wako watu hawajui nyama maisha yao yote na nywele zao ziko pale pale. Lakini wanakula maharage, dengu, karanga, ufuta, na wanameza vidonge vya vitamini B12, kwa sababu hiyo kwenye mimea haipatikani. Kinachotoa nywele ni kupungukiwa. Damu ya huyu iko chini, madini ya chuma yamekwisha, na amekonda haraka. Akilishwa vizuri zitaota. Zitachukua miezi, lakini zitaota."

Nikashusha pumzi. Nikadhani Mungu amenisitiri, sitalazimika kusema.

"Samahani, daktari," Zubeiri akaingilia. "Mimi ninakula mimea mwaka na miezi minne. Kidonge hicho sijawahi kukiona. Mbona mimi mzima?"

Daktari akamtazama, akasukuma miwani. "Miili haifanani, na vitamini hiyo wengine huwa na akiba ya muda mrefu. Ila kama mnakula sawasawa na yeye peke yake ndiye aliyefika hapa, itabidi nitafute zaidi. Kuna vipimo vya tezi, kuna vya maambukizi."

Neno lile la mwisho lilipotoka, Nasma alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Asmahani akaangalia sakafu. Zubeiri naye akageukia dirishani, kama mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

"Daktari," nikasema, "usimfuate huyu kijana. Huyu si ushahidi."

"Una maana gani, bibi?"

"Anakula uduvi. Nautwanga, namtilia kwenye kunde. Na samli. Na mayai."

Zubeiri akageuka taratibu. "Nani anakula uduvi?"

"Wewe, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu. Ulikonda, nikaogopa."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema vipimo vingine atavifanya hata hivyo, ndiyo kawaida yao, na akanishukuru kwa kusema. Shukrani ile iliniingia vibaya kuliko tusi.

"Nilikuwa nafanya kwa ajili ya baba," Zubeiri akasema. "Kila nikinyanyua kijiko nilikuwa nasema hiki cha baba."

"Najua, mwanangu."

"Hujui, Bibi. Ungejua usingefanya."

Akatoka. Nasma akafunua uso. Hakulia.

"Jana mlangoni, Somo alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukakiona kichwa changu, ukasema hali."

"Ndiyo."

"Haya, Bi Mastura."

Hakuniita Bibi.

Zubeiri tulimkuta kwenye benchi la nje. Alisimama alipomwona Nasma. Mimi na Asmahani tukabaki nyuma kidogo, lakini maneno tuliyasikia.

"Nasma, nimekosa."

"Taja ulichokosa."

"Nilikuita mgonjwa."

"Na nini?"

"Nilikufanya mwongo."

"Na nini?"

Zubeiri akatikisa kichwa, hajui.

"Miezi sita, Zubeiri, hujaniuliza hata siku moja mchana nimekula nini. Unaniuliza kama nimekula nyama tu. Bibi yako alikudanganya, sawa. Lakini hata asingekudanganya, mimi si wewe. Ulinitazama kwa kujitazama wewe."

"Kweli."

"Ami yako umemwambia?"

"Jana ile ile."

"Naye amemwambia mama, na mama hajalala. Basi mtakwenda leo, wewe na bibi yako, na ami yako mumchukue. Mkamwambie mama yangu mliyoyasema mle ndani, neno kwa neno. Mimi nitakuwa chumbani. Mkimaliza, nitatoka niseme kama kuna harusi."

Tulikwenda baada ya adhuhuri. Nilisema mimi kwanza. Nimefika umri wa watu kuniinukia kiti, na pale nilikaa mkekani nikaeleza kinu, mtandio, kijiko kimoja na nusu. Mama yake Nasma alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Bi Mastura, kila Jumapili nilikuwa namkaangia samaki changu," alisema. "Anaisukuma sahani. Namsema, namwambia anaringa kwa sababu anaolewa. Huyu mtoto nimemsema miezi sita."

"Kosa ni langu."

"Mimi mama mtu mwenyewe nimemsema. Hilo utalichukua vipi wewe?"

Zubeiri akasema yake, ami akiwepo, hakuacha hata lile la maradhi. Alikwama katikati, akaanza upya.

Nasma akatoka chumbani.

"Harusi ni Jumamosi ile ile," alisema. "Mimi nitakula samaki, nimeshaamua. Zubeiri ale mimea yake, simkatazi, najua anamlilia baba yake. Lakini aende kwa daktari akafundishwe, ameze vidonge, na sufuria yake aipike mwenyewe."

"Nitapika," Zubeiri akasema. "Na nitakuwa nakuuliza."

"Utaniuliza nini?"

"Mchana umekula nini."

Nasma akatabasamu kidogo, akaficha.

Ijumaa Asmahani alizikata nywele zote zikawa fupi sawasawa. Siku ya harusi wanawake walinong'ona, na mmoja, wala si mtoto, akauliza waziwazi mbele ya wenzake kulikoni.

"Zilinitoka," Nasma akajibu. "Zinaota." Akaendelea kupokea zawadi.

Sasa wanaishi kwangu, chumba cha uani. Majibu ya vile vipimo vingine yalitoka, Nasma hana kitu. Zubeiri anaamka anachagua dengu zake mwenyewe. Ananisalimia, ananinunulia dawa ya miguu, lakini sahani yangu hajaigusa tangu siku ile. Simlaumu.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Nasma alikuja na kibuyu cha mafuta ya nazi, akakaa kwenye mkeka mbele ya kiti changu, akanipa mgongo. Akavua mtandio. Palipokuwa wazi utosini palikuwa pameota vinywele laini kama vya mtoto wa siku arobaini. Mkono wangu ukasita.

"Mwanangu," nikasema, "niwie radhi."

"Umeshasema, Bibi."

"Nilisema kwa mama yako. Wewe sijakuambia."

Nilikuwa naona mgongo wake tu, unapumua.

"Leo umeniambia," alisema. "Sasa nipake. Polepole hapo katikati, bado panauma."

Nikachovya vidole, nikaanza kumpaka.