Mfumaji Hajulikani

Nyumba yetu ni ndefu. Ina milango ishirini na miwili, na kila mlango ni familia moja. Sisi ni mlango wa tisa. Mimi naitwa Senia. Mume wangu ni Ugat, na binti yetu ni Mandau. Mwenye mlango ni mama mkwe wangu, Bibi Lulong. Hapa kwetu hata mwanamume mwenye mvi, akiishi na mama yake, huomba ruhusa kabla ya kuhamisha mtungi wa zamani.

Asubuhi mimi hupika wali. Ugat huenda kwenye shamba la pilipili manga. Bibi hukaa barazani na kusuka mikeka. Lakini mwaka jana aliacha kusuka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akawa anatugusa nyuso ili ajue nani ni nani. Siku moja Mandau, kwa utundu wake, alimsogezea mbwa.

Bibi akampapasa. "Huyu ni Ugat," akasema. "Hajanyoa."

Mwezi wa saba tulimpeleka mjini, akapasuliwa mtoto wa jicho. Wiki mbili baadaye tulirudi kwa daktari. Daktari alimwonyesha vidole, naye akavihesabu vyote. Tulifurahi sana. Boti ya kurudi ilikuwa saa nane, na wakati huo ilikuwa saa nne tu.

"Twendeni makumbusho," Mandau akasema. "Ni karibu na soko."

"Makumbusho ndiyo nini?" Bibi akauliza.

"Nyumba ya kutunzia vitu vya zamani."

"Basi nikiingia hawatanitoa."

"Watakutoa wenyewe, Bibi. Utawapangia kazi mpaka wachoke."

Tukaenda. Chini kulikuwa na wanyama: fuvu la mamba, hondohondo waliokaushwa, kakakuona ndani ya kioo. Bibi aliangalia kila kitu kwa njaa ya mtu aliyekaa gizani. Juu kulikuwa na vitu vya watu wa mto wetu. Kulikuwa na mitungi, ngoma na mapanga. Ukutani, nyuma ya kioo, lilining'inia kwenye ufito shuka kubwa jekundu lenye mamba wawili.

Bibi akasimama. Akaweka kiganja kwenye kioo.

Lazima niseme shuka la namna hiyo ni nini kwetu. Mtoto akizaliwa, hupokewa nalo. Mtu akifa, huzungushiwa mpaka atolewe nyumbani. Mwanamke huota picha kwanza ndipo alifume. Mama yake Bibi, Tambong, alifuma shuka la mamba, kisha akaugua mwezi mzima, kwa sababu picha ile ilikuwa nzito. Mwaka nilioolewa, shuka lilikuwa bado ndani ya mtungi mkubwa. Mwaka huohuo Ugat alituambia panya wamelila. Alisema ameyachoma mabaki. Bibi hakula siku tatu. Baba mkwe alipofariki, tuliazima shuka la mlango wa kumi na nne. Kuazima shuka la msiba ni aibu. Watu hawaisemi, ila wanaikumbuka.

"Mandau," Bibi akasema, "pale chini pameandikwa nini?"

Mandau akasoma kibao. "Shuka la pamba. Mfumaji hajulikani."

"Hajulikani?"

"Ndivyo walivyoandika, Bibi."

"Hajulikani na nani? Mimi nimemzika!"

Watu wakageuka. Mwanamke mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatusogelea. Alikuwa Bi Sendi, mtunzaji wa sehemu ile. Ni mtu wa kabila letu, ila wa mto mwingine. Nilidhani atatufukuza. Badala yake akamletea Bibi kiti.

"Mama, nieleze taratibu. Unalijua shuka hili?"

"Alilifuma mama yangu. Tambong binti Gerasi."

"Kuna alama yoyote ambayo mtu aliyesimama hapa hawezi kuiona?"

Bibi hakufikiri. "Ncha ya juu, iliyokunjwa nyuma ya ule ufito. Pana tundu la cheche. Nililitoboa mimi nikiwa mtoto, nilikuwa nachezea kijinga cha moto. Mama akalishona kwa uzi wa buluu, maana mwekundu ulikuwa umeisha."

Bi Sendi alivaa glovu nyeupe. Akafungua kioo kwa ufunguo, akainua ncha.

"Uzi wa buluu," akasema.

Alileta daftari kubwa. Humo wanaandika kila kitu kimetoka wapi. Shuka lilitoka kwa mchuuzi wa mtoni. Mchuuzi alilipata kwenye nyumba moja ya mto wetu. Palikuwa na mstari mmoja zaidi: mwenye kulitoa, alipoulizwa mfumaji ni nani, alijibu hajui.

"Mama, kibao kinaweza kubadilishwa," Bi Sendi akasema. "Watu wengi hawajui hilo. Ukiona kitu cha kwenu kimeandikwa vibaya, sema. Ni haki yako, na kwetu ni msaada. Lakini jina tupu halitoshi. Kesho atakuja mtu mwingine na jina lingine. Nahitaji kuandika habari nzima. Lilitokaje nyumbani?"

"Halikutoka," Bibi akasema. "Lililiwa na panya."

Alipolisema hilo alilisikia mwenyewe. Akageuza macho yake mapya, akamtazama mwanawe. Ugat alikuwa ameinamisha kichwa, anatokwa jasho.

"Baba Mandau," nikamwambia, "sema kitu."

"Hapakuwa na panya, Mama," Ugat akasema. "Nililitoa mimi. Mchuuzi alikuwa na mashine ya boti. Nilikuwa nimeoa, sina mashine, kila mtu ananicheka. Tukabadilishana. Akaniuliza nani amelifuma. Nikasema sijui. Nilitaka aondoke upesi, kabla hujarudi kutoka shambani."

Mimi nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui. Kwa mashine ileile nilipelekwa zahanati usiku nikamzaa Mandau salama. Nilikasirika, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Baba yako tulimzungushia shuka la watu," Bibi akasema polepole.

"Najua."

"Ulisimama pale ukashika ncha."

"Nilishika, Mama."

Bibi hakumtukana. Ningependa amtukane. Alimgeukia Bi Sendi. "Andika alivyosema. Usipunguze neno."

Bi Sendi akaandika yote. Alimsomea Ugat, naye akaweka sahihi mbele ya mama yake.

"Shuka lina jina lake pia, lililotolewa na mfumaji," Bi Sendi akasema. "Ungependa tuliandike?"

"Jina hilo halitamkwi bure. Linataka sahani ya sadaka: yai, bisi za mchele, majani ya tambuu."

"Humu ndani chakula hakiingii, Mama. Kinaleta wadudu, na wadudu wanakula vitambaa. Lakini barazani hakuna atakayekuzuia."

Ugat alikwenda sokoni mbio bila kutumwa. Barazani Bibi akaandaa sahani. Akalitamka jina la shuka mara moja, na Bi Sendi akaliandika kwenye daftari. Mimi sitaliandika hapa. Si langu kulitawanya. Boti ya saa nane ilituacha, tukasubiri ya mwisho.

Kabla hatujaondoka, Bi Sendi alituuliza mashuka mengine ya nyumbani tunayatunzaje. Nikamwambia tunayakunja, tunayatia kwenye mifuko ya nailoni. Akatikisa kichwa.

"Nailoni inafungia unyevu, na ukungu unaota. Mkunjo nao unakata nyuzi. Viringisheni shuka kwenye bomba lililovikwa kitambaa safi cha pamba. Liacheni lipigwe upepo kivulini, si juani. Halafu andikeni. Chukueni utepe mweupe wa pamba, mwandike kwa penseli, maana wino unavuja. Nani alifuma? Limepita mikononi mwa nani? Limefanya kazi gani? Shoneni utepe pembeni. Msingoje. Anayejua akiondoka, anaondoka nalo jina."

Wiki iliyofuata Mandau alipita mlango hadi mlango na penseli yake. Wazee walikaa naye barazani, wengine wakilia, wengine wakibishana. Ugat alikata mabomba na kuyavika vitambaa. Watu walikuwa wamekwisha kusikia. Mzee wa mlango wa tatu alimwuliza kwa sauti kubwa, "Ugat, panya wako hawajambo?" Ugat alijibu, "Wapo, mzee, wanafanya kazi," akaendelea kukata. Nyumba nzima ina mashuka arobaini na moja. Kwa mashuka tisa hatukumpata hata mtu mmoja anayejua. Kwa hayo tisa tulichelewa.

Makumbusho walimwuliza Bibi kama anataka shuka lirudi. Alifikiri siku kadhaa. Akasema libaki, watoto walione. Ila siku atakapokufa lije limzungushe, kisha lirudi. Wakubwa wa makumbusho walikaa kikao, wakakubali kwa maandishi. Nakala tunayo nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja Bi Sendi alituita. Kibao kipya kilikuwa tayari. Tulipanda ngazi taratibu, tukasimama mbele ya kioo. Nyuma yetu kulikuwa na wanafunzi wanaosubiri kupita. Mandau akafungua mdomo asome.

"Wewe tulia," Bibi akasema. "Asome baba yako."

Ugat akasafisha koo. "Shuka la pamba. Mfumaji: Tambong binti Gerasi."

"Tena."

"Mfumaji: Tambong binti Gerasi."

"Tena," Bibi akasema.

Ugat akasema mara ya tatu. Safari hii hakutazama kibao. Alimtazama mama yake.