Lubugo la Magesa

Masika ya mwaka 1987 yalipoanza kuloanisha vibanja vya migomba vya Muleba, Protase Byabato alikwenda tena kwa Bernadeta, fundi cherehani, kununua mafuta. Jua lilikuwa linazama. Bernadeta alikuwa anafunga mlango.

"Waitu, Protase! Kila masika mafuta ya cherehani. Hiyo cherehani yako inamshonea nani?"

"Ni ya bawaba za mlango."

"Mlango mmoja chupa nzima? Labda mlango wa kanisa!"

Protase alicheka kidogo, akaichukua chupa, akaondoka haraka. Mtu mwenye siri hapendi utani mrefu.

Kilichotaka mafuta hakikuwa mlango. Kilikuwa bunduki, SMG, iliyolazwa juu ya dari la fito jikoni kwake, pale kuni na mbegu za maharage zinapokaushwa kwa moshi. Theopista, mkewe, alijua ni bunduki. Ya nani, hakujua.

Ilikuwa ya Magesa. Mwaka 1978, adui alipovamia ng'ambo ya mto Kagera, Protase na Magesa walikuwa mgambo wa kikosi kimoja. Walikimbia pamoja wakipita migombani. Magesa akapigwa risasi ya paja. Protase alimburuta mpaka chini ya mgomba, kisha akaikamata bunduki yake. Amri ilikuwa wazi: silaha isiachiwe adui. Magesa hakuiachia. Protase alimbandua vidole, kimoja kimoja.

"Naenda kuita machela," alimwambia. "Nakuja sasa hivi."

"Basi itunze," Magesa akasema. "Isije ikaliwa na kutu."

Protase hakurudi. Alipovuka mto na kuulizwa habari za Magesa, alisema hajamwona tangu asubuhi. Baada ya kusema hivyo, ile bunduki ingemsuta mbele ya mkubwa wake, kwa hiyo aliifukia majanini. Vita ilipokwisha aliifukua, akaja nayo nyumbani kisirisiri. Mara mbili alikwenda ziwani kuitupa, na mara mbili akarudi nayo. Ahadi ya machela aliivunja. Hii ya kutu aliishikilia kama mlevi anavyoshikilia ukuta.

Na unyevu wa Muleba si mchezo. Aliifunga kwa nailoni, nailoni ikatoa jasho kwa ndani, kutu ikaota mpaka kwenye mtutu. Akajaribu gunia, gunia likanyonya ukungu wote wa asubuhi. Mwaka huu alikuwa amepata kitu bora zaidi: lubugo, ile nguo ya magome ya mti ambayo Wahaya huwavisha wafu wao. Ni laini, ni kavu, na hewa inapita.

Miaka ile malubugo yalikuwa mengi. UKIMWI, ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba, na familia iliyojipanga iliweka lubugo tayari kabatini. Februari ulimchukua Mushumbusi, mdogo wake Protase. Baada ya kumvika, kipande kikubwa kilibaki.

"Kiteremke naye kaburini," mzee Kagaruki wa ukoo alisema. "Kilichokatiwa maiti hakirudi nyumbani."

Protase aliitika vizuri, kisha akakipenyeza ndani ya koti.

Jioni ileile alikitumia kuifunga bunduki. Aliipaka mafuta, akaiviringisha, akaifunga kwa kamba za mgomba mahali patatu. Juu. Katikati. Chini. Mikono yake ilikuwa imezika watu wengi mno, ikafanya ilivyozoea. Yeye mwenyewe hakuona kosa lolote.

Sasa alikuwa anarudi na chupa mpya. Theopista alimpokea uani, akanong'ona.

"Baba Celina, una mgeni jikoni."

"Mgeni gani?"

"Si Mhaya. Nimemkaribisha sebuleni, amekataa. Anasema kule kwenye moto ndiko kwake. Amelowa chapachapa."

"Amekupa jina?"

"Hapana. Amesema unamjua. Eti... anasubiri machela."

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi.

Protase alijua ni nani. Miguu yake ilitaka kukimbia, na aibu ikaikatalia: alishakimbia mara moja. Akasukuma mlango wa jiko.

Hapakuwa na mtu.

Moto ulikuwa unafuka. Palinuka matope ya mto, na kitu kingine, kama chuma kilicholambwa. Nyasi za sakafuni karibu na mafiga zilikuwa zimelala, zimelowa. Mtu alikuwa ameketi pale. Alama ya mguu mmoja ilikunjwa. Ya mwingine ilinyooka.

Toh...

Tone liliangukia majivuni.

Toh...

Protase aliinua macho darini. Akapanda juu ya kinu, akanyoosha mikono, akalishika furushi.

Lilikuwa na joto.

Alifungua fundo la juu. Chuma kiling'aa, kikavu, bila hata chembe ya kutu. Lakini lubugo lilikuwa limeloa tepetepe, na maji yake yalikuwa mekundu. Kisha lubugo likainuka polepole... likashuka. Likainuka tena. Jambo hilo aliliona kwa macho yake, na hakuna atakayemwambia ni moshi.

"Umechelewa, Protase."

Alianguka na kinu chake. Theopista alipoingia na koroboi alimkuta amekaa majivuni, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Akamwambia yote, vidole na machela, hakuacha kitu. Theopista aliweka koroboi chini.

"Huyo Magesa ana ndugu?"

"Dada yake, Limi. Anauza dagaa Kemondo. Ameniuliza habari zake mara mbili... nikamwambia sikumwona."

"Miaka tisa, baba Celina!" Alikuwa na hasira kuliko woga. "Polisi utakwenda, lakini baadaye. Kesho nenda kwa watu wake. Wanamngoja mtu."

Kesho yake adhuhuri Protase alishuka kwenye lori Kemondo. Limi alikuwa anageuza dagaa juani. Protase alichuchumaa mbele yake, akaanza kusema, na safari hii hakusimama mpaka mwisho. Limi hakulia, wala hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Mama amekataa tuweke matanga," alisema hatimaye. "Kila mwaka anasema, mwanangu hajafa, amelala mahali anangoja. Sisi tukadhani ni uzee." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kaka Protase, ulipomwacha alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alikaa hai muda gani? Hilo ndilo mama atakaloniuliza."

 Miaka yote Protase alijiambia ni dakika tano, kumi zikizidi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya usingizi. Alimtazama yule mwanamke, akamwonea huruma, au alijionea huruma mwenyewe.

"Alikufa palepale," alisema. "Sikuwa nimefika hata mtoni."

"Siku tatu."

Sauti ilitoka nyuma yake, karibu kabisa na shingo, pamoja na baridi na harufu ya matope. Protase hakugeuka. Alimkazia macho Limi, akiomba kwa moyo wote iwe ni masikio yake peke yake.

Lakini Limi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Kaka Magesa," alisema, akasogeza kapu la dagaa ili mtu apate mahali pa kukaa.