Jicho la Bodi Namba Nane

Kilichoibwa kilikuwa chepesi kuliko mayai mawili ya kuku. Hata hivyo Jairos, mkaguzi wa mbio, alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na rungu mkononi, akimzuia kila mtu asitoke mpaka polisi wafike.

Polisi aliyefika alikuwa Inspekta Ireen Chilufya wa Nchelenge. Alikuwa ametoka kwenye malaria siku tatu tu zilizopita. Dawa bado zilivuma masikioni, na kila alichokitazama mchana ule kilisogea polepole, kana kwamba kiko chini ya maji. Moshi wa mashamba ya Oktoba ulikuwa umetanda juu ya Ziwa Mweru. Ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, na mitumbwi ya Kashikishi ilielea katikati, haijulikani iko majini au hewani. Alitamani kukaa aitazame mpaka jioni. Lakini kazi ni kazi, akaingia ghalani.

Zamani ghala lile lilikuwa la samaki wakavu, na harufu yao ilikuwa bado haijahama. Sakafu ya saruji ilichorwa mistari myeupe yenye kona nyingi, na juu yake vilipangwa vigari vya mbio vya rimoti, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kila kigari kilivaa bodi ya plastiki yenye umbo la gari la kawaida la barabarani, vioo vikiachwa angavu kama sheria ya klabu inavyotaka. Ukutani zilining'inia bodi nyingine kumi na moja. Zote zilikuwa na tundu la mviringo paani.

"Hayo matundu ni ya nini, ba Jairos?" Ireen aliuliza kwa Kibemba.

"Macho ya washindi, mukwai," mzee alijibu kwa heshima. "Bodi nyepesi inaliongezea gari mwendo, na huo ni wizi. Kwa hiyo anayeshinda namkata kipande cha paa, ukubwa wa sarafu, napima unene. Sheria inasema usipungue sifuri nukta saba ya milimita. Ukipungua, ushindi umekwenda."

Jairos alikuwa afisa uvuvi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuwa amepima matundu ya nyavu za watu mpaka wakamchukia, na sasa alipima bodi za vigari kwa uso uleule. Watu wa namna hii hawastaafu. Hubadilisha tu kitu cha kupima.

"Leo ameshinda nani?"

"Namba nane. Méschac, mkimbizi wa kambi ya Mantapala. Nikaifungia bodi yake sandukuni, tukaenda kula. Niliporudi kukata jicho, rangi ikabanduka chini ya kisu. Hii si bodi iliyokimbia. Ameibadilisha yeye, kwa sababu yake ilikuwa nyembamba."

"Umemwona akiibadilisha?"

"Nani mwingine ana faida?"

Swali lilikuwa zuri, na Ireen aliliweka akilini. Mshindi alikuwa aondoke Jumatatu kwenda kushindana Lusaka. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hapewi mtu mwenye kesi ya udanganyifu polisi. Jairos alikuwa ameshadai kesi ifunguliwe kabla jua halijazama.

Méschac alikuwa amekaa kwenye kreti, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mikono ya mkulima. Kando yake alikaa mama yake, Marthe, kitambaa kichwani, akiwa amemshika mwanawe kiwiko kama mtu anayevuka naye barabara. Ireen akaongea nao Kiswahili, kile alichojifunza sokoni na wenzao waliotoka ng'ambo ya ziwa.

"Ulibadilisha bodi?"

"Hapana, mama inspecteur. Nilikuwa na batu bote. Banibeba juu, tukaenda kukula. Sikurudia huku hata kidogo."

"Nani aliitengeneza?"

"Grand frère yangu, kaka mukubwa. Sagesse. Niliikuta mu bintu byake."

"Yuko wapi huyo Sagesse?"

Kijana akamtazama mama yake.

"Alikufa mu maji," Marthe alisema. "Mwezi wa kwanza. Banasema alienda kuvua wakati ziwa imefungwa, wakati kuvua inakatazwa. Banakuta nyavu mu mutumbwi. Basi mutoto wangu akazikwa na jina ya mwizi. Na leo banasema uyu naye ni mwizi. Niko na batoto babili tu, inspecteur. Bote babili ni bezi?"

Jalada la kifo kile alilifunga Ireen mwenyewe. Aliikumbuka sentensi yake: marehemu alikuwa akivua kinyume cha sheria. Aliiandika kwa dakika moja, akaenda kunywa chai. Sasa aliona aibu, na aibu ile ilikuwa na joto kuliko homa.

Akaomba kuonyeshwa sanduku. Lilikuwa sanduku la bati, kufuli lake zima. Akainama nyuma yake. Skrubu za bawaba zilikuwa zimefunguliwa na kurudishwa, na mojawapo ilikuwa na chembe ya rangi nyeupe kwenye mfereji wake. Aligusa. Ilikuwa bado laini.

Kisha akaichukua ile bodi bandia, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

Ilikuwa ya buluu, yenye namba nane na ndege yangeyange mweupe paani. Nzuri, tena sana. Aliigeuza huku na huku, polepole, kwa uvivu wa mgonjwa anayepona ambaye hana haraka na kitu chochote. Huko nje mtu alikuwa akigongagonga mbao, na kila pigo lilifika likiwa limechoka.

"Ba Jairos, bodi hizi hupakwa vipi?"

"Kwa ndani, mukwai. Nje inabaki laini kama kioo. Na hupakwa kinyumenyume. Kwanza namba na picha, halafu rangi ya msingi inafuata mwisho, kuzifunika kwa nyuma. Ukianza na msingi, ukigeuza huoni kingine."

"Hebu njoo utazame ndani ya hii."

Jairos akavaa miwani. Ndani ya bodi, juu ya buluu, kulikuwa na namba nane nyingine nyeupe na yangeyange mwingine, safi kabisa, mahali ambapo hakuna ambaye angeviona. Na nje vilikuwa vimechorwa tena.

"Amepaka mara mbili," Jairos alisema.

"Mara mbili. Mara ya kwanza alianza na buluu, akangoja ikauke, akachora juu yake. Akageuza akakuta buluu tupu. Muda ulikuwa umekwisha, akarudia kwa nje. Ni nani hapa Kashikishi anaanza na rangi ya msingi, halafu jina?"

Mzee alivua miwani. Wote wawili walikuwa wakiitazama mitumbwi, kila mmoja na jina lake ubavuni, nyeupe juu ya buluu, nyeupe juu ya nyekundu.

"Mlipokwenda kula, nani alibaki humu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Webby tu. Alikuwa anarudishia mistari ya sakafu iliyofutika. Lakini Webby ni mwenzetu, mukwai. Ndiye anayepasha plastiki moto na kuikandamiza kwenye kalibu. Bodi zote hizi zimepita mikononi mwake."

"Na kupaka rangi?"

"Hapana. Kupaka ilikuwa kazi ya Sagesse."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga, na za siku ile ziliishia ukingoni mwa Mweru, ambako Webby alikuwa amechuchumaa mbele ya mtumbwi mpya, brashi mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mpole, mwenye rangi kwenye nywele. Hakuuliza polisi amefuata nini.

"Webby, mtumbwi huu unauanzaje?"

"Msingi, mukwai. Unakauka. Halafu jina."

"Miaka mingapi unafanya hivyo?"

"Thelathini na kitu."

"Na bodi ya namba nane uliianzaje?"

Brashi ikasimama. Tone moja jeupe likaanguka mchangani.

"Nilijua inavyotakiwa," Webby alisema. "Nimemwona Sagesse akifanya mara mia. Nilikaa usiku wa Alhamisi, baada ya kumwona Méschac na ile ya kaka yake, nikijiambia, Webby, namba kwanza. Kisha nikashika brashi, na mkono ukaenda ulikozoea."

"Ya kweli iko wapi?"

Alielekeza kwa kidevu. Chini ya mtumbwi uliofunikwa, ndani ya kanga, ilikuwepo bodi nyingine ya buluu. Ireen alipoishika ilikuwa laini na nyepesi mno, na yule yangeyange wake alionekana kama amesimama ndani ya maji yaliyotulia.

"Kwa nini hukuichoma? Usingekamatwa nayo."

"Ameipaka yeye. Ningechomaje?"

"Nakuonya kwamba utakayosema yataandikwa. Kwa nini uliiba?"

"Ni nyembamba."

"Nani aliifanya nyembamba?"

"Mimi." Webby akaweka brashi chini. "Plastiki ilikuwa imebaki moja. Nikazidisha moto, ikavutika kwenye kalibu. Sagesse akaipaka kabla hajajua. Siku aliyoiinua juani akaona. Akasema kitu hiki hatakikimbiza."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia asiyeshinda hakatwi jicho. Tukimbie tu, tushike nafasi ya pili, nani atajua? Tukagombana. Akasema kisiwani Chisenga kuna mfanyabiashara mwenye plastiki nzito, atavuka mwenyewe akanunue. Nikamwazima mtumbwi wangu."

"Mwezi gani?"

"Januari."

Sauti masikioni mwa Ireen ikanyamaza ghafla. Aliisikia kila wimbi dogo likifika na kurudi.

"Na nyavu zilizokutwa humo?"

"Zangu. Nilikuwa navua kwa wizi, mukwai. Yeye hakuwa na habari nazo, zilikuwa zimefichwa chini ya mbao. Mlipozikuta mkasema ni zake. Nami nikaacha mseme. Ningefungua mdomo, ningefungwa mimi."

"Basi leo uliogopa nini? Méschac angeshindwa, yakaisha."

"Yasingeisha. Jairos angepima, angesema Sagesse alikuwa mdanganyifu. Mvuvi haramu, halafu mdanganyifu tena. Mama yake angekuwa amekaa pale pale akisikia. Nami ningelazimika ama kusema alivuka kwa sababu gani, ama kunyamaza mara ya pili. Nikaona ni rahisi kuiba."

"Ukamwachia Méschac kesi."

"Sikujua wangemshika yeye. Nilidhani bandia itapimwa, itafaulu, kijana ataenda Lusaka."

Ireen hakumfunga pingu. Walitembea pamoja mpaka ghalani, na Webby akayarudia yote mbele ya Marthe, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, macho yake kwenye mistari aliyoichora mwenyewe.

Marthe alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulikuja ku matanga," alisema mwishowe.

"Nilikuja, mama."

"Ukakula kwangu. Ukabeba sanduku yake mpaka ku kaburi, wewe na bengine."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

Méschac alikuwa amesimama sasa, ngumi zimekunjwa, na mama yake akamvuta akakaa.

Jairos aliuliza kwa sauti ndogo kama bado kuna haja ya kukata jicho la bodi ya kweli. Ni Marthe aliyejibu.

"Kata, Papa Jairos. Sagesse yée mwenyewe alisema haifai. Kata batu baone hakudanganya."

Kisu kikapita kwenye bawa la yangeyange. Kipande kikaingia kwenye maikromita, kipimo chake cha unene, na mzee akaisoma mara mbili kabla ya kutamka: nukta nne. Ushindi ukaenda kwa Davies wa Kafutuma, aliyekuwa wa pili, ambaye hakujua acheke au ainamishe kichwa. Lusaka angekwenda Davies. Jairos akamwendea Méschac, akamwambia mbele ya wote kwamba alimshtaki bila ushahidi na kwamba amekosa. Yeyote anayemfahamu Jairos atakwambia mzee huyo alikuwa hajawahi kusema neno hilo tangu azaliwe.

Kituoni, saa kumi na mbili jioni, Webby alitia sahihi maelezo yake ya onyo, akapelekwa mahabusu kwa kosa la wizi. Ireen akalitoa kabatini jalada la Januari. Marthe alikuwa amekuja nyuma yao kwa miguu, akakaa kwenye benchi bila kualikwa.

"Hii ndiyo karatasi ya Sagesse?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyeandika. Nilikosa. Naomba unisamehe."

Marthe alitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Hakusema amesamehe. Ireen akakata sentensi yake ya zamani kwa mstari mmoja, akaweka sahihi pembeni, na chini yake akaandika nyingine. Kisha akaisoma kwa sauti.

"Marehemu Sagesse hakuwa akivua. Alikuwa akivuka kwenda Chisenga kununua plastiki ya unene unaotakiwa, kwa sababu alikataa kushindana na bodi iliyovunja sheria."

Marthe alifumba macho. Mwezi ule wote wa kwanza, na miezi yote iliyofuata, alikuwa amemkasirikia mtoto aliyekufa.

"Soma tena," alisema.

Ireen akasoma tena.