Sema na Usichokijua

Nimeosha vichwa vya watu saluni kwa miaka kumi na mmoja. Mtaani wananiita Mama Povu. Sikasiriki. Povu ndilo linalonilisha.

Jirani yangu alikuwa msusi. Alisukia barazani kwake, wateja wakikaa mkekani. Kisha vidole vyake vikavimba kwenye viungo, vikakakamaa. Siku hizi hata kufunga kifungo cha gauni anasaidiwa. Wateja walikuja kumpa pole, halafu wakaenda kusuka kwingine.

Mumewe alishafariki. Ana mabinti wawili. Mkubwa amemaliza shule. Mdogo, tunayemwita Kitinda, yuko darasa la nne. Shangazi yao alituma ujumbe: mkubwa asipopata kazi mpaka mwisho wa mwezi, Kitinda aache shule, aende kwake akalee mtoto. Mama akaanza kufunga nguo za Kitinda kwenye mfuko. Vidole vikakataa, mtoto akafunga mwenyewe.

Jumamosi moja jioni mkubwa alirudi akilia kwa kwikwi. Nikamwingiza jikoni kwangu.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Mama Povu, nimemuunguza mtu."

Alikwenda kuomba kazi saluni moja ya barabara kuu. Mama yake alimwambia, "Wakikuuliza, sema unajua vyote. Hakuna anayetaka mwanafunzi." Mwenye saluni alikuwa amezidiwa na wateja. Akamuuliza, "Dawa ya kulainisha nywele unajua kupaka?" Akajibu, "Najua." Jamani! Hajawahi kuigusa maishani.

Akampaka mteja, kisha akaenda kufagia. Kwao barazani ukipaka mafuta unayaacha, yaingie vizuri. Akadhani dawa ni hivyo hivyo. Mteja akalalamika kwamba inawasha. Yeye akamwambia, "Vumilia kidogo, dada." Ngozi ya kichwa ikachubuka mpaka nyuma ya sikio.

"Walimwosha?"

"Kwa maji mengi. Wakampeleka zahanati."

"Ulimwomba radhi?"

Akainama. "Nilikimbia."

Nilikasirika, sikufichi. "Dawa ile ni kali! Inahesabiwa dakika. Mtu akisema inawasha, unamwosha hapo hapo. Kesho tunakwenda kwake."

Tukaulizia kwake, tukaenda. Mteja alifungua mlango, kichwa kimefungwa bandeji. Hakutukaribisha ndani.

"Nilidanganya kwamba najua, dada," binti alisema. "Nisamehe."

"Zahanati wameniambia nywele za hapa huenda zisiote tena," akajibu, akafunga mlango.

Tukarudi. Barazani kwao nikamkalisha mkekani.

"Sasa nisikilize. Jumamosi saluni imejaa, nani ana nafasi na wewe? Nenda saluni nyingine, Jumanne asubuhi. Kucha fupi, nywele safi. Beba vitana vyako, na uvioshe. Mtafute mwenye saluni mwenyewe, umsalimie vizuri. Mwambie unachokijua. Halafu mwambie na usichokijua. Akikukubali, uliza malipo kabla hujaondoka."

"Si atanifukuza?"

"Na akufukuze! Mficha uchi hazai. Muombe akujaribu. Nenda na mtu wa kumsuka, mwenye saluni akuone unavyofanya."

"Nani atanikubalia nimshike kichwa sasa?"

Mama yake alikuwa mlangoni. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekupotosha."

Jumanne wakaja saluni ninayofanyia kazi. Sikumwombea. Nilikuwa kwenye beseni langu, nimetega sikio.

"Shikamoo, mama. Naomba kazi."

"Marahaba. Unajua nini?"

"Kusuka mistari na kuosha. Dawa sijui. Jumamosi nilimuunguza mtu."

Saluni nzima ikamgeukia.

"Nilisikia," mwenye saluni akasema. "Kwangu unataka nini?"

"Unijaribu. Na unifundishe."

Mama yake akavua kitambaa kichwani. Mganga hajigangi! Miaka yote alisuka wenzake, nywele zake mwenyewe zimejaa mvi na mafundo. Binti akachambua fundo moja moja, bila kumvuta. Akasuka saa mbili nzima. Mama alitokwa na machozi, na hayakuwa ya maumivu ya kichwa.

Mwenye saluni akapitisha kidole kwenye mistari.

"Utaosha vichwa na kufagia, huku unajifunza. Dawa usiiguse mpaka nikuambie. Njoo kesho saa mbili asubuhi."

Nikamkazia macho binti. Akakumbuka. "Asante, mama. Na malipo ni kiasi gani, kila wiki au kila mwezi?"

Wakakubaliana hapo hapo, mbele yetu sote, na ujumbe ukatumwa kwa shangazi.

Jioni nilipita kwao. Mama alikuwa ameinua mkono kichwani, anajaribu kupapasa. Vidole havikunyooka. Hakuweza kuhisi kitu.

"Kitinda," akasema, "mistari imenyooka?"

Mtoto akainama, akatazama kwa makini.

"Imenyooka, mama."

Kisha akaufungua ule mfuko, akatoa sare yake ya shule.